Sindano za Jasho la Viganja Mombasa: Zinakausha, Lakini Ulizia Gumba Lako Kwanza

Huduma ninayoieleza hapa ni sindano za sumu ya botulini, ambazo watu wengi huzijua kwa jina la Botox, zinazodungwa kwenye viganja ili kuzuia jasho linalotoka kupita kiasi. Nilizipata katika kliniki ya kibinafsi ya magonjwa ya ngozi iliyoko Nyali. Jina la kliniki nalihifadhi, kwa kuwa kusudi langu ni kumpa mwenye tatizo hili habari nilizozitafuta kwa Kiswahili nikazikosa, wala si kumharibia mtu biashara yake. Hukumu yangu naitanguliza: jasho lilikauka kama nilivyoahidiwa, wahudumu walikuwa wapole na mahali palikuwa safi, lakini maelezo ya madhara, na hasa udhaifu wa gumba, yalikuwa haba mno kwa mtu ambaye riziki yake imo katika ncha za vidole. Mimi hushona kofia za mkono hapa Mji wa Kale, na kila jambo katika tathmini hii nimelipima kwa sindano ya kushonea kabla ya kulipima kwa ukavu wa kiganja.

Ifahamike kwanza kwamba tatizo hili halitokani na joto la Mombasa, ingawa hilo ndilo jibu ambalo kila mwenye viganja vya maji hupewa na jamaa na majirani. Mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi unapopungua na hewa ikajaa unyevu, hakuna mtu kisiwani asiyetoka jasho. Lakini jasho hilo ni la mwili mzima na lina kazi yake, nayo ni kuupoza mwili. Tezi za viganja na za nyayo zina tabia nyingine, kwa sababu huamshwa na hisia, kama vile wasiwasi, haya na kukaza fikira, zaidi ya zinavyoamshwa na joto. Ndiyo maana mwenye maradhi haya, ambayo madaktari huyaita haipahidrosisi, hulowa viganja hata akiwa ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, na hukauka akishikwa na usingizi. Kwa kawaida huanza utotoni au wakati wa kubaleghe, hushika mikono yote miwili kwa pamoja, na mara nyingi hupatikana katika ukoo mmoja. Nchini Marekani hukadiriwa kwamba karibu watu 3 katika kila 100 wana jasho la kupita kiasi la aina moja au nyingine, wengi wao wasimwendee daktari kamwe.

Asiyekuwa nayo huyaona mambo madogo. Kwangu mimi bafta nyeupe hushika alama ya manjano kila nilipoiegemeza mkono, uzi hulowa ukakataa kupita katika tundu, na sindano iliyonunuliwa juzi hushika kutu. Mashine za kusoma alama za vidole hukataa kidole kilicholowa, na nyuma yako foleni inanung'unika. Watoto wa jirani wanapokuja kukuamkia na kuubusu mkono wako, unaupangusa kwenye leso kwanza, na mtoto anaona. Basi mtu aliyebeba haya hiyo tangu utotoni akisikia kwamba kuna dawa ya kuikausha mikono kwa miezi kadhaa, huwa tayari kukubali neno lolote atakaloambiwa. Kwa sababu hiyo naamini kliniki ina wajibu mkubwa wa kusema yote, hata kwa yule ambaye hajauliza.

Dawa yenyewe hutokana na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yuleyule anayesababisha kupooza kwa watu waliokula chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mtaalamu wa Ubelgiji, Émile van Ermengem, ndiye aliyemtambua mnamo 1895, baada ya kundi la watu kuugua kutokana na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Baadaye sana daktari wa macho wa Marekani, Alan Scott, aliitumia sumu hiyo kwa vipimo vidogo kunyoosha macho yenye makengeza, na mwaka 1989 ikaidhinishwa nchini humo kuwa dawa. Idhini ya kuitumia kwa jasho la makwapa ilitolewa huko mwaka 2004. Viganja havimo katika idhini hiyo. Hilo halifanyi tiba hii kuwa ya kificho, kwani madaktari wa ngozi katika nchi nyingi wamekuwa wakiitumia kwenye viganja kwa miaka mingi na matokeo yake yameandikwa katika majarida ya kitabibu. Lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa wazi kwamba dawa anayopewa inatumiwa nje ya matumizi yaliyoidhinishwa, na mimi sikuambiwa.

Namna inavyofanya kazi ni muhimu kueleweka, kwa sababu humo ndimo dhara lilimo. Neva huiamuru tezi ya jasho kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu ya botulini huikata protini ambayo neva inaihitaji ili kuimwaga kemikali hiyo, kwa hiyo amri haifiki na tezi inalala. Sasa, asetilikolini hiyohiyo ndiyo inayoiamuru misuli ikaze. Dawa haitofautishi tezi na msuli. Hunyamazisha neva zozote inazozifikia. Kwapani tezi haziko juu ya misuli ya kazi za uangalifu, ilhali katika kiganja, chini kidogo tu ya ngozi, imejipanga misuli midogo inayolisogeza gumba na kuvipatanisha vidole. Dawa ikizama kidogo kupita kiwango, au ikitapakaa kutoka pale ilipodungwa, misuli hiyo hulegea. Daktari hodari hupunguza jambo hili, lakini hakuna daktari anayeweza kuapa kwamba halitatokea.

Siku ya kuonwa daktari, kliniki ilifanya vizuri mambo kadhaa ambayo ningetaka kila mtu ayadai. Daktari aliuliza jasho lilianza nikiwa na umri gani na kama hutoka usiku, kwa maana jasho la usiku, likiandamana na kupungua uzito au homa, laweza kuwa dalili ya kifua kikuu au ugonjwa mwingine unaohitaji tiba yake. Alinipapasa tezi ya shingo, akaagiza kipimo cha damu cha tezi hiyo na cha sukari, akauliza dawa ninazotumia, na akauliza kuhusu ujauzito na kunyonyesha. Siku ya tiba alinipaka iodini viganjani, ikakauka, kisha akanyunyiza unga wa wanga. Kila palipotoka jasho pakageuka rangi ya samawati iliyokoza, karibu nyeusi, hata nikaona kwa macho yangu ramani ya maradhi niliyoishi nayo. Kwa ramani hiyo alichora vitone vya kudunga.

Jambo moja hakuuliza, nalo ndilo lililokuwa muhimu kuliko yote: mikono hii inafanya kazi gani? Fomu ya idhini ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Ndani yake, katikati ya aya ndefu, mlikuwa na sentensi moja isemayo kwamba udhaifu wa muda unaweza kutokea. Nilipoomba nifafanuliwe, mhudumu wa mapokezi alinijibu kwa upole, "Mkono utachoka kidogo tu, mama, halafu utarudi." Kuchoka kidogo ni jambo la jioni moja. Sikuelezwa ni msuli gani, ni kwa muda gani, wala ni kazi zipi zitakazonishinda. Mji huu umejaa watu wanaoishi kwa vidole: wapaka hina, mafundi wa cherehani, mafundi saa na wa simu, wasusi, wachonga milango, makarani wa bandarini. Fomu iliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha, ikiwa na swali moja kuhusu kazi ya mgonjwa, haingeigharimu kliniki chochote.

Kuhusu maumivu sitarefusha, ila mtu asidanganywe kwamba ni kama chanjo. Kiganja ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye neva nyingi za hisia, na sindano hudungwa kwa nafasi ya sentimita moja hadi moja na nusu, kwa hiyo kila kiganja hupokea vidungo vipatavyo 30 hadi 50 kulingana na ukubwa wake, pamoja na vile vya vidoleni. Kliniki nyingine hutumia barafu, krimu ya ganzi au kifaa cha kutetemesha ngozi. Kwangu walitumia sindano za ganzi kwenye kifundo cha mkono, zinazozizima kwa muda neva zinazokwenda kiganjani. Njia hiyo ilifanya kazi, isipokuwa kwenye ncha za vidole viwili ambako ganzi haikufika sawasawa. Muuguzi aliyenishika mkono alikuwa na maneno mazuri, "Pole mama, tumeshavuka nusu," na utu wake naukumbuka kwa shukrani.

Ganzi hiyo ina matatizo yake baada ya kutoka kliniki. Kwa saa kadhaa mikono yote miwili haina habari ya kinachoigusa. Usiendeshe gari wala pikipiki. Kliniki ilikuwa imeniagiza nije na mtu, na hapo walifanya vyema, kwa sababu mpwa wangu ndiye aliyeisimamisha tuktuk, akalipa nauli na kunifungulia mlango. Ambalo hawakulisema ni kwamba mkono wenye ganzi huungua bila ya mwenyewe kujua. Nilipofika nyumbani niliwekewa chai ya moto mbele yangu, na ni yeye mpwa wangu aliyeniondolea kikombe akasema, "Shangazi, ngoja kwanza vidole viamke." Haya ni maneno ambayo yangepaswa kutoka kwa kliniki.

Baada ya siku chache jasho lilianza kupungua, na katika wiki ya pili viganja vikawa vikavu kabisa. Nataka niseme wazi namna jambo hili lilivyonifurahisha, ili yatakayofuata yasije yakamtisha mtu akakimbia tiba yenye faida. Niliishika bafta na haikubaki alama. Niliushika mkono wa mama mkwe wangu bila ya kuupangusa kwanza. Kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na mkono mkavu akiwa macho, hili ni jambo kubwa, na kwa upande huu sina neno baya hata moja dhidi ya dawa wala aliyeidunga.

Lakini kabla ukavu haujatimia, gumba la mkono wa kulia lilikuwa tayari limeanza kulegea, na siku chache baadaye la kushoto likafuata, ingawa kwa kiasi kidogo. Udhaifu huu una umbo lake mahususi, ndiyo maana neno "kuchoka" halilielezi. Nguvu ya kufumbata ngumi ilikuwepo karibu yote. Nazi niliikuna, ndoo niliibeba, ufagio niliushika. Kilichopotea ni nguvu ya kubana kitu chembamba kati ya gumba na kidole cha shahada. Mchele sikuweza kuuchagua, kwa maana kila kijiwe kilinitoka. Vifungo vya kanzu ya mtoto vilinishinda, ufunguo ulinisumbua kufulini, na kitunguu saumu nililazimika kukisaga na maganda yake. Sindano ya kushonea niliweza kuishika, lakini kuisukuma ipenye tabaka mbili za bafta, kisha kuivuta upande wa pili, tena na tena kama ufundi unavyotaka, sikuweza. Mishono michache tu na gumba linatetemeka, likiwa limeinama upande ambao sikuliamuru.

Kofia ya mkono huchukua miezi. Kila tobo huzungushiwa uzi kwa mshono mmoja mmoja, na mishono hiyo ikitofautiana kukaza, kofia haikai sawa ikifuliwa. Kofia iliyokuwa mikononi mwangu wakati huo ilikuwa ya mzee mmoja wa Kibokoni aliyekwisha kutoa rubuni ili aivae siku ya Idd. Nilimwendea nikamweleza, naye akasema, "Afya kwanza, mwanangu, kofia itangoja." Wengine wawili hawakungoja, wakaenda kwa mshonaji mwingine, na siwalaumu. Madaktari huandika kwamba udhaifu huu kwa kawaida hudumu siku kadhaa hadi wiki chache. Wangu ulipita mwezi kabla sijaweza kushona kwa saa nzima bila ya kupumzika. Ulikwisha wote, haukuacha athari yoyote, na hilo pia lazima lisemwe: neva huota upya vituo vyake vya kumwagia kemikali, nguvu hurejea, na kwa sababu hiyohiyo jasho nalo hurejea.

Niliporudi kliniki kulalamika nilipokewa kwa heshima. Daktari alinipa karatasi niibane kwa gumba na kidole cha shahada, akaivuta, ikatoka bila taabu. Hapo ndipo aliponieleza yote kwa ukamilifu: kwamba dawa inaweza kudungwa juujuu zaidi, ndani ya ngozi yenyewe wala si chini yake, kwamba sehemu nene iliyo chini ya gumba inaweza kupewa kipimo kidogo, mgonjwa akakubali jasho kidogo libaki hapo, kwamba dawa iliyochanganywa na maji mengi ya chumvi hutapakaa zaidi, na kwamba mtu wa kazi za vidole anaweza kudungwa mkono mmoja kwanza, ule asioutegemea, na wa pili baadaye ule wa kwanza ukishapata nguvu. Yalikuwa maelezo mazuri sana. Laiti yangetolewa siku ya kwanza, ningechagua mkono wa kushoto peke yake, tena baada ya kumkabidhi mzee kofia yake, na tathmini hii ingekuwa ya kusifu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Madhara mengine yalikuwa madogo. Damu ilivilia hapa na pale, ikageuka kijani kisha ikatoweka. Nilipata kichwa kizito na uchovu wa mwili kama mtu anayetaka kushikwa na mafua, ukapita. Ngozi ilikauka kupita kiasi hadi ikaanza kupasuka kwenye mikunjo ya vidole, na mafuta ya nazi usiku yalitosha kuitengeneza. Kuna watu ambao jasho huzidi mahali pengine baada ya viganja kukauka. Kwa sindano hizi jambo hilo si la kawaida, na kwangu halikutokea.

Yapo pia madhara ya nadra lakini mazito, na haya msomaji ayashike. Tangu 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani imelazimisha dawa zote za aina hii ziwe na onyo kali kwamba sumu inaweza kusambaa mbali na pale ilipodungwa na kusababisha ugumu wa kumeza, kupumua kwa shida, sauti kubadilika, kope kulegea, kuona vitu viwiliviwili au udhaifu wa mwili mzima, saa chache au hata wiki kadhaa baada ya sindano. Mtu akiona dalili hizo haendi kliniki ya ngozi kuomba miadi. Anakwenda moja kwa moja kwenye idara ya dharura ya hospitali kubwa, na anasema waziwazi amedungwa nini na lini. Wenye magonjwa ya neva na misuli, kama vile miasthenia gravisi, hawafai kwa tiba hii bila ya daktari bingwa wa neva kukubali. Wajawazito na wanaonyonyesha hushauriwa wangoje. Baadhi ya antibiotiki za sindano, jentamaisini ikiwa mojawapo, huongeza nguvu ya sumu hii juu ya misuli, kwa hiyo mtaje kila daktari atakayekutibu kwamba umedungwa. Botox ina albumini inayotokana na damu ya binadamu, na Dysport, ambayo ni sumu hiyohiyo ya botulini kwa jina jingine la kibiashara, inaweza kuwa na mabaki ya protini ya maziwa ya ng'ombe. Mwenye mzio wa maziwa, au mwenye kutaka kumwuliza shehe wake kwanza, anastahili kulijua hilo mapema.

Bei ni nzito, na inafaa kuulizwa kwa uniti, yaani kipimo ambacho dawa hii huhesabiwa kwacho, badala ya kwa mkono. Kiganja kimoja kwa kawaida huhitaji uniti 50 hadi 100 za Botox. Uniti za Dysport si sawa na uniti za Botox, zake huhesabiwa kwa idadi kubwa zaidi, kwa hiyo anayelinganisha bei za kliniki mbili bila ya kujua ni dawa gani hupotea njia. Ukavu wa viganja mara nyingi hudumu miezi minne hadi sita, kisha malipo ni yaleyale tena. Omba kichupa kifunguliwe mbele yako, usome jina, nambari ya toleo na tarehe ya mwisho. Dawa hii huhifadhiwa kwa nyuzi 2 hadi 8 za Selisiasi, na katika mji ambao umeme hukatika, swali la jokofu na jenereta ni swali la haki. Mwaka 2024 Marekani kwenyewe kulipatikana Botox bandia iliyowalaza watu hospitalini, na waliodungwa na wasio na leseni walikuwa miongoni mwao. Kwetu Kenya, daktari anaweza kuhakikishwa katika orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari nchini, iliyo wazi mtandaoni. Kliniki niliyokwenda ilinionyesha kichupa bila ya kuombwa, na hapo naipa alama zote.

Ningetaka pia ingeniambia kuhusu njia nyingine, kwani ilizipita kimya. Dawa ya kupaka ya kloridi ya alumini, hupakwa usiku kwenye mkono mkavu. Kwenye viganja nguvu yake ni ndogo kuliko kwapani na huwasha, lakini ni rahisi na ndiyo ya kuanzia. Kuna mashine ya kupitisha umeme mdogo katika beseni mbili za maji, mtu akiwa ametumbukiza viganja kwa dakika 20 hadi 30, mara kadhaa kwa wiki hadi jasho lipungue, kisha kama mara moja kwa wiki. Haimfai mjamzito wala mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, lakini haidhoofishi gumba, na mwenye kazi ya vidole angefaa aijaribu kabla ya sindano. Vidonge, kama vile oksibutinini, hukausha mwili mzima pamoja na kinywa na macho, hufunga choo, na katika joto la pwani hii mtu asiyeweza kutoka jasho yumo hatarini. Upasuaji wa kukata neva zilizo kifuani ndio nisioweza kuupendekeza kwa mtu wa Mombasa: viganja hukauka moja kwa moja, lakini wengi huhamiwa na jasho mgongoni, tumboni na mapajani, na kilichokatwa hakirudishwi.

Kati ya nyota tano naipa kliniki hii tatu. Mbili ilizozipoteza ni za fomu isiyosomeka na swali lisiloulizwa. Nitarudi kwao, kwa kuwa mkono wa daktari ni mzuri na kwa kuwa sikio lake lilikuwa wazi nilipolalamika. Tumekubaliana aanze na kiganja cha kushoto, apunguze kipimo chini ya gumba, na tarehe iwe baada ya Idd, maagizo ya kofia yakiwa machache. Nilimwomba aandike juu ya faili langu kwamba mimi ni mshonaji, naye akaandika palepale, kwa Kiswahili.